Kasoro Moja kwa Siku

Wanafunzi mia nne na kumi na wawili walisimama kwenye mvua, asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya muhula, wakiutazama ukuta. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa ghala la vitabu chakavu, wa matofali matupu, hauna mlango wala dirisha. Punje, ile sauti ya sikioni, ilikuwa imewaambia kwamba Ukumbi wa Tisa uko hapo, na kwamba mlango utafunguliwa saa mbili. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Wengine walijifunika mabegi vichwani, wengine wakasogeleana kwa baridi, lakini hakuna aliyekwenda kuuliza, wala hakuna aliyeuzunguka ule ukuta aone upande wa pili kuna nini.

Dokta Subilaga Mwakyoma aliwatazama kutoka ghorofani, chai ikimpolea mkononi. Huo Ukumbi wa Tisa aliuweka yeye. Chuo Kikuu cha Nyanda kilikuwa na kumbi nane tu, na kila aliyeingia getini alipita mbele ya ramani kubwa iliyoonyesha hivyo. Aliomba ruhusa ya kuingiza ukumbi mmoja wa uongo kwenye Punje ya chuo, kwa asubuhi moja tu, akidhani vijana watasubiri dakika kumi kisha wataanza kucheka.

Saa nne kasoro robo alishuka na mwavuli.

"Mnasubiri nini hapa?"

"Mlango, Dokta," alijibu kijana wa mbele, meno yakigongana.

"Mlango gani?"

Kijana akagusa nyuma ya sikio, pale ilipobandikwa punje yake, kitu kidogo kama punje ya hindi kinachosema na mtu kupitia mfupa wa kichwa. Akasikiliza.

"Inasema bado kidogo."

Subilaga alitaka kucheka, akashindwa. Aligeuka akarudi ofisini, na maji ya mvua yakamtiririka hadi kwenye viatu kwa sababu alisahau kuufungua mwavuli.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia kufundisha somo moja: Stadi za Kompyuta kwa Wote. Sheria ilisema hakuna atakayepewa shahada bila kulifaulu, awe muuguzi, mwanasheria, bwana shamba au mchungaji. Wabunge walioipitisha walipigiwa makofi, kisha wakaenda zao, wakamwachia Subilaga wanafunzi elfu sita na mia nne kila mwaka na kompyuta za zamani thelathini zenye kibodi. Wanafunzi waliziendea kompyuta hizo kama watu wanaotembelea makumbusho. Waligusa herufi kwa ncha ya kidole. Walimuuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini wajifunze kutafuta kitu ambacho kinajileta chenyewe sikioni.

Na mtihani ulipofika walifaulu wote. Aliyeujibu mtihani ni Punje.

*

"Nataka iwe inasema uongo," Subilaga alimwambia Profesa Luvanda, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. "Kila siku. Kasoro moja kwa kila mwanafunzi."

Profesa Luvanda alikuwa mtu wa kupanga kalamu zake mezani zikalingana. Akaacha kuzipanga.

"Elfu sita na mia nne, kila siku?"

"Kila mmoja na wake, wasiambukizane majibu. Akiugundua, anagonga punje mara tatu na kusema ukweli ni upi na ameuona wapi. Hapo anapata alama. Hayo ndiyo masomo, Profesa. Kompyuta si kuongea nayo. Mtoto wa darasa la kwanza anaongea nayo. Ni kujua kwamba kinachokujibu kimetengenezwa na watu, na watu hukosea, na watu hudanganya."

"Na ikimdanganya muuguzi juu ya dawa?"

Subilaga alikuwa ameliwazia hilo kwa likizo nzima. Alifungua kompyuta yake mwenyewe, akamwonyesha kile alichokiita uzio. Mtambo wa Punje ulipanga kila swali kwenye fungu lake kabla ya kulijibu, kama mtu anayechambua mboga. Mafungu ya dawa, sumu, chakula, umeme na barabara yalikuwa yamefungwa. Huko kasoro haiingii kamwe. Yaliyoachwa wazi ni historia, jiografia, sarufi, hesabu na vipimo, mambo ambayo hayajawahi kumuua mtu. Ukivuka geti la chuo, punje inarudi kusema kweli. Na kila mwanafunzi angeweka sahihi kwamba jibu alilolipata ndani ya chuo hatalipeleka nje kabla hajalihakiki.

Profesa akauliza swali lililomkera Subilaga kwa siku nyingi baadaye. "Umeiuliza Punje kama ni salama?"

Hata hivyo alikubali. Wizara ilikuwa ikilalamika kwamba mtihani ambao kila mtu anaufaulu si mtihani.

*

Siku ya kwanza, kasoro zilizogunduliwa zilikuwa sita.

Subilaga aliitazama ile tarakimu kwenye skrini kama mtu anayetazama jipu. Wanafunzi sita kati ya elfu sita na mia nne. Mmoja wa historia aliambiwa kwamba chuo chenyewe kilijengwa karne mbili zilizopita, akakubali, ilhali jiwe la msingi lenye mwaka wake alikuwa amelikalia akila ndizi. Wiki ya kwanza ikaisha wakiwa arobaini. Wazazi wakaandika barua. Chama cha wanafunzi kikaja ofisini na bango. Mhadhiri mwenzake wa falsafa, wa falsafa jamani, alimsimamisha koridoni akamwambia kuwa anaharibu imani ya vijana.

Kati ya waliokuja kulalamika alikuwamo msichana mmoja mfupi, wa mwaka wa kwanza wa kilimo, amevaa sweta lililofumwa kwa mkono. Jina lake Edina Mgaya.

"Dokta, umenifanya mjinga mbele ya watu," alisema bila kukaa. "Nimesimama darasani nikasema Mto Ruaha unamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Watu wamecheka mpaka basi."

"Nani aliyecheka?"

"Mmoja. Yule anayetoka Usangu. Wengine walikuwa wanaandika."

Subilaga alimtazama vizuri. "Sasa utafanyaje?"

"Sijui!" Machozi yalikuwa karibu. "Sijui mtu anafanyaje. Nyumbani nikiuliza kitu, Punje inasema, basi. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kingine cha kufanya."

Basi akamwonyesha. Alimketisha mbele ya kibodi, akamfundisha kutoka mwanzo: jibu linatokaje kwenye mtambo, faili ni nini, nani ameiandika, lini, na nani mwingine amesema tofauti. Akamfundisha pia kutoka nje na kwenda kutazama kitu kwa macho. Walikaa saa mbili. Wiki iliyofuata Edina alikuja na wenzake wanne, na iliyofuata likaja darasa zima la kilimo, na kompyuta thelathini hazikutosha tena. Vijana wakawa wanapigania viti.

Kufikia wiki ya saba waligundua kasoro elfu mbili na mia moja kwa siku moja. Subilaga aliwakuta wasichana wawili wakipima korido kwa uzi wa kufumia, wamepiga magoti sakafuni, wakibishana kwa sauti kama wako sokoni, kwa sababu Punje imesema ni mita tisini na mmoja wao haamini. Alipita akaingia chooni, akajifungia, akalia kidogo. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuona mwanafunzi akibishana na kitu chochote.

Edina alikuwa hajakosa kasoro hata moja kwa siku ishirini mfululizo.

*

Jumatatu ya wiki ya tisa Edina aliingia ofisini bila kubisha hodi, akakaa chini.

"Dokta, shamba la baba limeungua."

"Moto?"

"Dawa ya magugu."

Aliyasimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia mara nyingi peke yake. Kijijini kwao Ilembulwa, baba yake na wakulima wenzake kumi na watatu walikuwa na shamba moja la mbegu za viazi, mbegu ambazo kaya zote kumi na nne hupanda msimu unaofuata. Alhamisi mchana baba yake alipanda kilimani kwenye mtandao, akampigia simu, maana punje yake ilikuwa imeishiwa chaji. Shamba wamelipima kwa futi kamba: mita mia na hamsini kwa themanini. Chupa ya dawa inataja kipimo kwa ekari. Je, hizo ni ekari ngapi?

"Nilikuwa bwenini. Nikaiuliza Punje, nikaiweka kwenye kipaza sauti cha simu ili baba asikie mwenyewe. Ikasema ekari moja ni mita za mraba elfu mbili na mia nne. Kwa hiyo ekari tano."

Subilaga alipiga hesabu kichwani. Ekari ni mita za mraba elfu nne na arobaini na saba. Shamba lile halifiki hata ekari tatu kamili. Na swali lilikuwa la vipimo, vipimo vitupu, halina neno dawa ndani yake. Uzio wake ulilitazama ukalifungulia njia.

"Hukuhisi?"

"Nilihisi hapohapo simu ilipokatika. Nikaenda maktaba, nikakuta kwenye kitabu, nikagonga mara tatu." Edina alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nilipata alama, Dokta. Saa nane na dakika arobaini. Nikampigia baba, hapatikani, ameshashuka bondeni. Nikamwandikia ujumbe. Baba usipige dawa, Punje imekosea, ni ekari tatu. Ijumaa alfajiri akapanda kilimani, akausoma, akanipigia. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema, 'Mwanangu, Punje nimeisikia kwa masikio yangu. Wewe nani umeikosoa? Chuo kimeanza kukupa kiburi.' Nikamwambia, baba naomba upime tena. Akasema mvua iko karibu, watu wanamngoja. Akakata."

Walipiga dawa ya ekari tano kwenye shamba la ekari tatu. Machipukizi yalianza kunyauka Jumamosi. Jumapili, watu walipotoka kanisani, shamba lilikuwa limegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

"Ninyi mlitufundisha sisi," Edina alisema. Hakuwa akilaumu, na hilo lilimuuma Subilaga zaidi. "Sisi tu."

*

Profesa Luvanda alikuwa na karatasi mbili mezani, zimelingana pembe kwa pembe.

"Kaa, Dokta. Hii ya kwanza inasema mwanafunzi Edina Mgaya alikiuka kiapo chake, akapeleka nje jibu ambalo hakulihakiki. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini..."

"Kumbukumbu za mtambo zinaonyesha kwamba alijua ni kasoro, na akachukua alama. Atarudia mwaka. Programu yako inaendelea. Wizara imeipenda, nakwambia wazi. Vyuo vingine sita vinataka kuianza Januari." Akasogeza karatasi ya pili. "Hii inasema uzio ulikuwa na tundu na kosa ni la aliyeujenga. Ukiweka sahihi hapa, Punje ya chuo inarudishwa kama ilivyokuwa siku hiyohiyo, na hakuna chuo kitakachothubutu kuigusa tena. Na wewe nadhani unajua."

"Nitapoteza kazi."

"Utapoteza somo. Kazi tutaona."

Subilaga alizitazama. Aliwaza wale wasichana wa korido. Aliwaza vijana elfu mbili waliokuwa wameanza kuinua vichwa, na wengine makumi ya maelfu wa vyuo sita, na upande wa pili msichana mmoja, mwaka mmoja. Kwa hesabu haikuwa ngumu. Mkono wake ulishika kalamu kabisa.

"Nipe hadi Alhamisi," alisema.

Nje alimkuta Edina akimsubiri ngazini. Habari hazifichiki chuoni, alikuwa ameshasikia.

"Weka sahihi ile ya kwangu, Dokta."

"Usiseme upuuzi."

"Si upuuzi. Nimepiga hesabu. Mwaka mmoja nitaurudia. Lakini wakiizima, wenzangu watarudi kusimama kwenye ukuta. Na wadogo zangu wakija hapa watasimama nao." Akakunja mikono ya sweta. "Mimi nimeshajua. Siwezi tena kutokujua."

Subilaga alimkasirikia, akashindwa kujua kwa nini. Labda kwa sababu ile hesabu ilikuwa ileile aliyoipiga yeye, na ikitoka mdomoni mwa mtoto ilisikika mbaya.

"Kesho unanipeleka kwenu," alisema.

*

Ilembulwa ni kilima na bonde, ukungu hauondoki hadi saa nne. Mzee Yoswa Mgaya aliwapokea ukingoni mwa shamba, mrefu, amevaa koti la mvua na buti, punje yake nyuma ya sikio ingawa bondeni hakukuwa na mtandao wa kuisemesha.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, baba. Pole sana."

"Ndiyo hivyo." Aligeukia matuta. "Tulifuata kila kitu. Tulipima kwa futi kamba, tukauliza, tukachanganya kama tulivyoambiwa. Nadhani ni dawa yenyewe, wametuuzia mbovu."

Edina alitazama chini. Subilaga aliinama, akachomoa chipukizi moja. Lilitoka bila ubishi, mzizi umelainika.

"Dawa si mbovu, baba. Mmepiga ya ekari tano. Shamba ni ekari tatu."

"Punje ilisema tano."

"Ilidanganya."

Mzee Mgaya alitabasamu kwa upole, kama anayemvumilia mgeni. "Mwalimu, Punje haidanganyi. Ina faida gani idanganye? Mtu hudanganya kwa sababu anataka kitu."

"Iliambiwa idanganye. Ni somo, la kuwafundisha wanafunzi wasiamini tu kila kitu. Edina aligundua, akakwambia. Alikuwa sahihi."

"Iliambiwa na nani?"

Hapo ndipo Subilaga alipoelewa kwa nini alisafiri hadi pale. Angeweza kusema chuo. Angeweza kusema mtambo.

"Na mimi," alisema.

Mzee hakukasirika. Hiyo ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, kutoka kwenye viatu vyake vya mjini hadi usoni, kama anayejaribu kupima jinsi mwanamke mmoja wa kimo kile anavyoweza kutosha kufanya jambo hilo. Akageuka akamtazama binti yake, muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono polepole, akaibandua punje nyuma ya sikio, akaitia kiganjani.

"Wewe umeweza kuiambia iseme uongo," alisema. "Mtu kama wewe. Una ofisi, una meza."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Na mengine yote iliyoniambia miaka hii, tangu nikiwa kijana, lini nipande, nimchague nani, mtoto aende hospitali au asubiri... hayo nani aliiambia?"

Kwa miaka kumi na tisa Subilaga alikuwa amesimama mbele ya maelfu ya vijana akiomba, kwa kila njia aliyoijua, mmoja wao amuulize swali hilo. Sasa limeulizwa, na mbegu za kaya kumi na nne zimelazwa chini ndipo liulizwe.

"Sijui," alijibu. "Sijui wote. Wengine ninaweza kuwatafuta."

"Watafute," alisema Mzee Mgaya. Akamrudishia binti yake ile punje kama kitu kilichookotwa njiani, akatelemka matutani kwenda kuwaambia wenzake.

*

Alhamisi Subilaga aliweka sahihi karatasi ya pili. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kwa mkono kwamba mwanafunzi alifanya kila alichofundishwa, na kwamba aliyemfundisha alifundisha nusu. Profesa Luvanda alisoma, akashusha pumzi.

"Ungeweza kuokoa elfu sita."

"Kwa kumtupa anayejua? Wangejifunza hilo haraka kuliko kompyuta, Profesa."

Saa sita mchana Punje ya chuo ilirudishwa kama zamani. Wizara ikatoa taarifa ya mistari minne. Chuo kikawapelekea watu wa Ilembulwa mbegu za viazi kutoka shamba lake la mafunzo, zikatosha kaya tisa tu, za namna nyingine, na Mzee Mgaya alizipokea bila kusema asante. Somo akapewa kijana mmoja wa idara aliyelifundisha kwa Punje. Subilaga akaachiwa chumba cha kompyuta thelathini, azitunze hadi itakapoamuliwa zipelekwe wapi.

Kitu kimoja walisahau kukizima: njia ya kugonga mara tatu. Hakuna aliyeikumbuka, na Subilaga hakuwakumbusha. Kila asubuhi alifungua skrini akikuta sifuri, na kila asubuhi alijiambia kwamba hakutarajia kingine.

Wiki ya tatu zikaja taarifa kumi na tisa.

Alizipitia moja moja na wale waliokuwa bado wanakuja chumbani kwake: Edina, wengine wanne, na Ambakisye, kijana mkimya wa uuguzi. Kumi na sita zilikuwa wasiwasi mtupu. Punje ilikuwa sahihi, mwanafunzi ndiye aliyekosea. Mbili zilikuwa makosa madogo ya tarehe. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Ambakisye mwenyewe. Dawa ya maji ya homa ya watoto, ile ya chupa ya njano iliyoko kila zahanati: Punje ilisema kijiko kimoja cha chakula. Ambakisye alikuwa ameisoma chupa. Chupa ilisema kijiko cha chai.

"Hii si kasoro yetu," Edina alisema taratibu. "Zetu zimezimwa. Na dawa zilikuwa ndani ya uzio."

"Hii ni ya wenye Punje wenyewe," alisema Subilaga.

Cha chakula ni mara tatu ya cha chai. Walirudia kuiuliza, ndani ya geti na nje ya geti, kwa punje sita tofauti. Jibu likawa lilelile. Edina aliifuatilia kwenye kibodi hadi kwenye maboresho ya lugha yaliyoingizwa mwezi uliopita nchi nzima. Mahali fulani mtu, au kitu, kilikuwa kimefasiri neno moja vibaya na kuendelea na kazi.

Subilaga aliwapigia Mamlaka ya Punje, wanaoendesha mtambo nchi nzima. Alipokewa na muziki wa kinanda wa kumsubirisha, kisha na sauti, na ile sauti ilikuwa Punje yenyewe. Akaandika barua, akaambatisha picha ya chupa. Akaipeleka kwa mkono wilayani, akagongewa muhuri. Siku nne baadaye jibu likafika, ukurasa mmoja, na sahihi ya mkurugenzi.

Alilisoma kwa sauti, wamesimama wote sita nyuma ya kiti chake.

"Tunakushukuru kwa kuonyesha moyo wa uzalendo. Kufuatia barua yako, tumeiuliza Punje iwapo imekosea. Imesema hapana."

Ambakisye alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa ngumi. Subilaga aliipiga meza kwa kiganja mpaka kibodi ikaruka, akaipiga tena. Hakuna aliyemwambia atulie. Alikaa hivyo, ameinamisha uso, akihesabu ni watoto wangapi walikuwa na homa wiki hii.

"Dokta," alisema Edina. "Orodha ya zahanati ninayo. Ina namba za simu."

"Ziko ngapi?"

"Mkoa huu tu, mia mbili na kumi na tano."

Waligawana karatasi. Kila mmoja akachukua simu yake na kona yake. Subilaga alianza na jina la kwanza juu ya ukurasa wake, ikaita muda mrefu, kisha akapokea mwanamke aliyekuwa na haraka, mtoto akilia nyuma yake.

Alijitambulisha. Alieleza, polepole, kuhusu chupa ya njano na kijiko.

"Haya mama, nimekuelewa," alisema muuguzi. "Subiri kidogo niiulize Punje."

"Hapana, dada yangu. Naomba usiiulize." Alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Chupa iko karibu?"

"Iko kabatini."

"Nenda ukaichukue. Ukifika nisomee kilichoandikwa ubavuni."

"Nisome mimi?"

"Wewe. Kwa macho yako."

Hatua za ndala zikaondoka. Kabati likalia. Mtoto alikuwa bado analia, na mtu akamwambia nyamaza, dawa inakuja. Hatua zikarudi, na yule muuguzi akaanza kusoma neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jina la dawa, tarehe, umri, kijiko kimoja, cha. Akasimama.

"Mama," alisema. "Hapa pameandikwa cha chai."

"Mtoto huyo ninayemsikia, mmeshampa?"

"Bado. Nilikuwa nimeshika kijiko."

Subilaga aliegemea ukuta.

"Mpe cha chai," alisema. Akaweka alama ndogo kwenye karatasi, akateremsha kidole hadi jina la pili, akapiga.